Mashine pepe kwenye laptopu ya kazi: VirtualBox, VMware, Hyper-V au KVM?

nyakato_mza ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wenu kabla sijamaliza bando kupakua vitu ambavyo pengine sivihitaji.

Nipo Mwanza, natengeneza mfumo wa mauzo na stoo kwa maduka ya dawa. Upande wa seva ni PHP na PostgreSQL juu ya Ubuntu 24.04. Dukani kuna kivinjari pamoja na programu ndogo niliyoiandika mwenyewe, inayotoa risiti kwenye printa ya joto ya milimita 80 kupitia USB. Wateja wangu karibu wote wako kwenye Windows 10, na wengi hawana mpango wa kuhama ingawa Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida kwa mfumo huo Oktoba 14, 2025. Wachache wameshanunua kompyuta zenye Windows 11.

Kifaa changu ni ThinkPad T480 ya mtumba: i5-8350U, RAM 16 GB, SSD 512 GB, ndani ina Windows 11 Pro. Kwa sasa nikitaka kujaribu toleo jipya naenda nalo dukani kwa mteja jioni wakishafunga hesabu, naliweka kwenye kompyuta yake, na likigoma naanza kurekebisha pale pale, mwenye duka kasimama mlangoni na funguo mkononi. Nataka hali hiyo iishe. Nataka Windows 10 safi na Windows 11 safi ndani ya laptopu yangu kama mashine pepe, yaani kompyuta za kuigiza zinazoendeshwa na programu, nisakinishe kuanzia mwanzo, niharibu, nirudi nyuma, nijaribu tena. Na Ubuntu iwe ileile iliyoko kwenye seva.

Nimesoma mpaka nimechanganyikiwa. Kuna wanaosema VirtualBox, kuna wanaosema VMware siku hizi ni bure, kuna wanaosema Hyper-V imo tayari kwenye Windows Pro, ya nini kuhangaika. Rafiki yangu mmoja ananisihi niweke Linux nitumie KVM, ile ya kuendesha mashine pepe iliyomo ndani ya Linux yenyewe.

Yanayonibana ni haya. RAM siwezi kuongeza kwa sasa. Printa lazima ionekane ndani ya mashine pepe kama inavyoonekana dukani, maana hitilafu nyingi zinatokea hapo. Umeme wa huku unakatika. Na leseni iwe safi, kwa sababu hii ni kazi inayoniingizia hela, si mazoezi ya chuo. Docker (ya kuendesha programu ndani ya kontena) pia natumia, kwa njia ya WSL 2, yaani Linux inayokaa ndani ya Windows.

Natanguliza shukrani.

---

kimara_mwisho amejibu:

Mkuu weka VirtualBox, usijisumbue. Ni bure, ipo kwa Windows, Linux na Mac, mafunzo yake yamejaa YouTube, na mashine uliyoijenga huku unaihamishia kule kama faili moja la OVA. Nimeanza nayo chuo na mpaka leo ndiyo inayonifanyia kazi. Tangu toleo la 7.0 hata USB 3 imo ndani ya kifurushi cha kawaida, na TPM ya kuigiza (chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai) wameiweka, kwa hiyo Windows 11 inaingia bila mizengwe. RAM 16 GB mpe mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) 4, inatosha.

Kitu kimoja tu cha kuangalia kwa kuwa umetaja leseni: kuna nyongeza yake inaitwa Extension Pack. VirtualBox yenyewe ni programu huria, lakini hiyo nyongeza ina leseni nyingine, bure kwa matumizi binafsi na masomo tu. Kazi ya biashara inabidi uilipie Oracle. Wewe huihitaji, usiiweke.

---

chumbageni amejibu:

Nyakato, salaam. Mimi ni dada yako wa Tanga, natunza mifumo ya zahanati na maduka ya hapa mjini na Muheza, kwa hiyo swali lako nalielewa vizuri sana. Kwenye meza yangu kutwa nzima kuna Windows za wateja zinazowashwa na kuzimwa. Nitakuambia ninachokiamini, na sababu zake.

Kabla ya kulinganisha programu, angalia nani ameshashika prosesa yako. i5 yako ina VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, na VT-x inashikwa na mmoja. Ukiwa na WSL 2, ukiwa na Docker juu yake, au ukiwa na ule ulinzi wa kumbukumbu ambao Windows 11 mara nyingi huja nao umewashwa, basi Hyper-V imeamka kabla ya Windows, na Windows unayoiona imekaa juu yake. Programu yoyote ya mashine pepe utakayoifungua baadaye inafanya kazi kwa kumwomba Hyper-V.

Ndiyo maana ushauri wa kimara_mwisho unaweza kuwa mzuri kwake na ukakutesa wewe. VirtualBox imeweza kukaa juu ya Hyper-V tangu toleo la 6.0 la mwaka 2018, lakini ikikaa hivyo inalegea. Washa mashine pepe yako, halafu tazama vialama vidogo vilivyopangwa chini kulia mwa dirisha. Ukiona kobe wa kijani, ndiyo hali hiyo. Kishale cha kipanya kinaburuzika, menyu inafunguka baada ya wewe kukata tamaa nayo, na mtu analaumu RAM. Anaongeza RAM, kobe yupo pale pale. Kumwondoa unatakiwa uzime ule ulinzi wa kumbukumbu, kisha uandike hivi kama msimamizi na uwashe kompyuta upya:

`bcdedit /set hypervisorlaunchtype off`

Na hapo WSL 2 na Docker vyako vimelala. Wewe unavihitaji kila siku, kwa hiyo njia hiyo si yako.

Hyper-V yenyewe basi? Ni imara, ina kasi, na kwenye Pro umeshailipia. Ungekuwa unajaribu seva tupu ningekuambia ubaki hapo hapo. Kinachoiangusha ni printa. Hyper-V haina njia ya kumkabidhi mgeni kifaa cha USB cha aina hiyo kama kilivyo. Unaweza kuingia kwa RDP (kuingia kwa mbali) ukaelekeza printa ya mwenyeji, yaani laptopu yenyewe, lakini mgeni hapo anaona foleni ya printa iliyoletwa kwa mtandao, haoni kifaa kilichochomekwa. Programu yako nadhani inatuma amri za ESC/POS, lugha ya printa za risiti, ile ya kukata karatasi, ile ya kufungua droo ya hela. Jaribio litapita mezani kwako na litagoma dukani, na mwenye funguo atarudi kusimama mlangoni.

Inabaki VMware Workstation Pro na KVM. VMware kwanza. Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, Mei 2024 ikaiachia Workstation Pro bure kwa matumizi binafsi, na Novemba 2024 ikawa bure kwa kila mtu, biashara ikiwemo. Kwa hiyo kwenye leseni uko salama. Inakubali kukaa pamoja na Hyper-V tangu toleo la 15.5.5, USB yake imekomaa, na picha za Windows ndani yake ni laini kuliko kwingine kote nilikopita. Kuipakua inabidi ujisajili kwenye tovuti ya Broadcom. Kama hutaki kabisa kuondoka Windows, chukua hiyo.

Lakini nikiangalia kazi yako yote kwa pamoja, rafiki yako amekushauri vizuri. Weka Ubuntu iwe mwenyeji, Windows iwe mgeni.

Sababu kubwa ni RAM. Leo hii kwenye T480 yako kuna Windows 11, ndani yake WSL 2 ambayo usipoiwekea mpaka inaruhusiwa kufika nusu ya RAM yote, na bado unataka kuongeza Windows nyingine. Ukiwa juu ya Ubuntu, PHP na PostgreSQL zinakaa moja kwa moja kwenye mwenyeji, na Docker kwenye Linux haihitaji mashine pepe yoyote. Kontena zinatumia kerneli (kiini cha mfumo) ileile iliyopo. Mashine pepe inabaki moja tu, ya Windows unayoijaribu wakati huo. GB 4 kwake, vCPU (prosesa za kuigiza) mbili, na wewe unabaki na nafasi ya kupumua. Usimpe mgeni zaidi ya vCPU mbili; una koa nne za kweli, na mwenyeji naye anafanya kazi.

Pia kazi yako ina miaka mbele yake. KVM imo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo la 2.6.20, Februari 2007, na QEMU inayofanya kazi nayo ilianza mwaka 2003. Nimeona bei na masharti ya programu nyingine yakibadilika kila kampuni inapouzwa. Hii iko palepale, na inakuja na masasisho ya mfumo wenyewe. Kwa mtu anayejenga kitu ambacho maduka yanategemea, hilo mimi nalipa uzito mkubwa.

Vya kuweka ni hivi:

`sudo apt install qemu-system-x86 libvirt-daemon-system virt-manager ovmf swtpm`

`sudo usermod -aG libvirt $USER`

Toka, ingia tena, fungua virt-manager, dirisha la kusimamia mashine pepe. Tengeneza Windows 10 kwa BIOS ya kawaida, usichague UEFI, mfumo mpya zaidi wa kuwashia kompyuta. Nitakuambia sababu ukifika huko. Diski iwe ya virtio, aina iliyobuniwa kwa mashine pepe, maana SATA ya kuigiza inafanya kazi ila ni nzito. Wakati wa kusakinisha, Windows itafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski na kukuonyesha orodha tupu kabisa. Usishtuke, haina draiva ya virtio. Unakuwa umeshaunganisha ISO ya virtio-win kama CD ya pili. Bonyeza pa kupakia draiva, ingia folda ya viostor, halafu w10, halafu amd64, na diski inajitokeza hapo hapo. Bila kulijua hilo wengi wanaishia kwenye ukurasa huo na kusema KVM haifai kwa Windows.

Sasa kile kitakachokuondoa dukani usiku. Sakinisha Windows 10 mara moja tu. Iwekee masasisho yote, draiva ya printa, kivinjari wanachotumia wateja wako, saa za Afrika Mashariki. Programu yako usiiweke. Izime vizuri. Faili lake la diski, tuseme `win10-safi.qcow2`, liondolee ruhusa ya kuandikwa na usiliwashe tena. Kila unapotaka kujaribu kitu, tengeneza diski nyembamba inayoliegemea:

`qemu-img create -f qcow2 -b win10-safi.qcow2 -F qcow2 jaribio.qcow2`

Amri hiyo inamaliza papo hapo, na faili jipya linaanza likiwa dogo mno, KB tu. Mgeni akisoma kitu ambacho hakijabadilika anakisoma kwenye diski safi. Akiandika, anaandika kwenye hii nyembamba. Sakinisha toleo lako, ligome, livuruge rejista ya Windows, likwame katikati ya usakinishaji. Unafuta `jaribio.qcow2`, unaandika amri ileile, na Windows imerudi ilivyokuwa ulipoizima. Unaweza kuwa na nyembamba kadhaa juu ya msingi mmoja: moja ina toleo la zamani ambalo bado liko kwa mteja wa muda mrefu, nyingine haina kitu, nyingine umeijaza dawa elfu kadhaa za kubuni ili uone utafutaji unavyokwenda. Zote zinashirikiana GB zilezile za msingi, na hapo ndipo SSD yako ya 512 GB inapokutosha. Ila ukishaanza kuegemeza, ule msingi ukibadilika hata kidogo nyembamba zote zimeharibika. Ndiyo maana nimesema uuondolee ruhusa ya kuandikwa.

Leseni ya Windows nayo isikupite. Ile iliyokuja na ThinkPad ni ya ThinkPad. Mashine pepe inataka ya kwake. Kwa Windows 11 Microsoft wana toleo la Enterprise la majaribio la siku 90. Kwa Windows 10 nunua leseni moja, iingize kwenye gharama za kazi.

Umeme usikusumbue. T480 ina betri ya ndani na ile ya nyuma inayochomoka, mgeni hatajua kama umeme umekatika.

Ukiona mtu anakuambia uweke VirtualBox na KVM pamoja kwenye Ubuntu hiyohiyo, usikubali. Kuanzia kerneli ya 6.12, KVM inashika VT-x mara inapopakiwa, hata kama hakuna mashine pepe iliyowashwa, na VirtualBox inaweza kukataa kuwaka ikisema kuna mwingine ameshika. Chagua moja.

---

mtwapa amejibu:

Hamjambo wote. Dada chumbageni ameeleza vizuri na sina la kupinga kuhusu KVM. Ningependa tu nyakato asikie pia upande wa mtu aliyebaki Windows, kwa sababu si kila mtu anaweza kuhama. Mimi niko Kilifi, wateja wangu hunitumia faili za Excel zenye makro, na baadhi ya vifaa ninavyosanidi vina programu ya Windows pekee. Kila siku ningelazimika kuingia kwenye mashine pepe kwa kazi ambayo sasa naifanya moja kwa moja.

Ninavyofanya ni WSL 2 kwa Ubuntu na VMware Workstation Pro kwa Windows za majaribio. RAM ni 16 GB kama yako na inatosha, ila ni sharti uwekee WSL mpaka. Kwenye folda yako ya mtumiaji, ile yenye jina lako ndani ya C:\Users, unda faili la `.wslconfig` na uandike:

`[wsl2]`
`memory=4GB`

Halafu `wsl --shutdown`, ufungue tena. Bila hivyo PostgreSQL ikishasoma jedwali kubwa, Linux inajaza RAM kwa akiba ya faili na VMware inabaki kuhangaika.

La pili ambalo watu wengi hawalijui: msimbo wa mradi usiuweke `/mnt/c`. Uweke ndani ya Linux yenyewe, kwenye `/home`. Ukiwa `/mnt/c` kila faili linalosomwa linavuka mpaka kati ya mifumo miwili, na mradi wa PHP una maelfu ya faili ndogondogo ndani ya `vendor`. Mradi uleule, ukiuhamisha tu, kurasa zinafunguka kwa wepesi ambao utadhani umenunua tarakilishi nyingine.

Na kama nyakato utaamua kuweka Ubuntu kando ya Windows kwenye SSD hiyo moja, tafadhali angalia BitLocker kwanza. Windows 11 Pro mara nyingi huwa imesimba diski bila mtu kuambiwa. Hakikisha ule ufunguo wa tarakimu 48 umeuhifadhi mahali nje ya mashine hiyo kabla hujagusa BIOS au kupunguza kizigeu. Nimeona mtu akibaki kwenye skrini ya bluu inayodai ufunguo, na stima ilikuwa imepotea, na kila kitu chake kiko ndani.

---

nyakato_mza ameandika tena:

Shikamoo dada chumbageni, na kaka mtwapa asante sana, kimara_mwisho pia. Nimefuata njia ya Ubuntu, Windows nimeiacha upande wa pili kwa GB 120 kwa ajili ya siku nitakapoihitaji. Ufunguo wa BitLocker ulikuwepo kweli, nimeuandika kwenye daftari.

Windows 10 imekaa vizuri. Ule ukurasa wenye orodha tupu niliufikia nikacheka peke yangu kwa sababu nilishaambiwa. Diski nyembamba zinafanya kazi, na tayari nimepata hitilafu moja ambayo dukani isingeonekana: kisakinishi changu kilikuwa kinategemea kitu ambacho kompyuta za wateja wa zamani wanacho kutokana na programu nyingine, na kwenye Windows safi hakipo.

Nina matatu yamenikwamisha. Moja, printa inaonekana ndani ya mgeni na inatoa risiti, lakini nikiichomoa na kuirudisha, mgeni haioni tena. Dukani hilo ndilo linalotokea kila siku, watoto wa kazi wanachomoa wachaji simu. Mbili, Windows 11 nikijaribu kuipiga snapshoti (kuhifadhi hali yake ili niweze kuirudia) kwenye virt-manager inakataa, inataja pflash. Tatu, simu yangu iko kwenye Wi-Fi moja na laptopu lakini haiwezi kuifikia mashine pepe.

---

chumbageni amejibu:

Marahaba mdogo wangu. Hiyo hitilafu ya kisakinishi imenifurahisha kuliko unavyodhani, maana ndiyo aina ya hitilafu inayomkimbiza mteja mpya siku ya kwanza.

Nianze na la pili kwa sababu ni fupi. Windows 11 inataka UEFI, na UEFI kwenye KVM inakaa kwenye kile kinachoitwa pflash. libvirt, programu inayosimamia mashine hizi nyuma ya virt-manager, kwa toleo lililomo kwenye Ubuntu 24.04 haiwezi kupiga snapshoti ya ndani kwa mashine ya namna hiyo. Ndiyo sababu nilikuambia Windows 10 uiweke kwa BIOS ya kawaida, huko snapshoti inakubali. Kwa Windows 11 tumia diski nyembamba kama unavyofanya sasa, mashine ikiwa imezimwa, na uhifadhi pamoja nayo lile faili lake dogo lililoko `/var/lib/libvirt/qemu/nvram`. Snapshoti hutazihitaji.

La tatu: mtandao wa kawaida wa libvirt ni wa NAT, anwani zake ni 192.168.122 na kitu. Mgeni anatoka nje, wa nje haingii. Utasoma mahali kwamba utengeneze daraja, yaani mgeni aunganishwe moja kwa moja na mtandao wako. Kwa waya ni sawa, lakini kadi nyingi za Wi-Fi hazikubali kubeba anwani ya MAC isiyo yao, na utapoteza jioni nzima. Wewe huhitaji daraja. Seva yako sasa iko kwenye laptopu yenyewe. Simu iite anwani ya Wi-Fi ya laptopu, na Windows iliyo ndani iite 192.168.122.1, ambayo ni laptopu hiyohiyo ikionekana kutoka kwa mgeni. Hakikisha tu seva ya PHP inasikiliza 0.0.0.0, isisikilize 127.0.0.1 peke yake, na kama umewasha ufw (ukuta wa moto wa Ubuntu) fungua mlango unaoutumia.

Sasa printa. Unapomkabidhi mgeni kifaa cha USB, libvirt inakitafuta kwa namba zake mbili, ya mtengenezaji na ya kifaa, kisha inashika mahali kilipochomekwa wakati huo. Ukichomoa na kurudisha, Linux inakipa nafasi mpya, na mgeni bado ameshikilia ya zamani. Namba utazipata kwa `lsusb`. Epson kwa mfano huanza na 04b8. Ziandike kwenye faili dogo la XML, liite `printa.xml`, mfano wake utauona ukifungua maelezo ya printa ndani ya virt-manager kwenye upande wa XML. Kisha kila ukirudisha printa:

`virsh -c qemu:///system detach-device win10 printa.xml --live`

`virsh -c qemu:///system attach-device win10 printa.xml --live`

Ya kwanza ikilalamika kwamba kifaa hakipo, endelea na ya pili. Ukichoka kuandika, zifanye ziitwe na kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayofuatilia vifaa vinavyochomekwa) kila printa hiyo inapochomekwa, na hapo mgeni ataiona ikiondoka na kurudi kama dukani.

Na kwa kuwa umesema watoto wa kazi wanachomoa printa kuchaji simu, lijaribu hilo hasa: anza kutoa risiti ndefu, chomoa katikati, rudisha, angalia programu yako inasema nini na kama mauzo yamehifadhiwa mara moja au mara mbili. Windows mara nyingine inaiorodhesha printa iliyorudi kwenye tundu jingine kama kifaa kipya, ikiwa na jina lilelile na neno la nakala (Copy) mwishoni, na programu inabaki inatuma risiti kwa ile ya zamani isiyokuwepo. Nionyeshe kinachotokea, leta na maandishi ya kosa lenyewe.

---

nyakato_mza ameandika:

Dada, imetokea hivyohivyo ulivyosema. Printa mbili zimeorodheshwa, ya pili ndiyo hai, na risiti zimejipanga kwenye ya kwanza. Mauzo yamehifadhiwa mara moja, hilo liko salama. Nabadilisha programu iitafute printa kwa namba za USB badala ya jina, kisha narudia kwenye Windows 11.